Karura na marafiki wa zamani

Mkipanga kutembea msitu wa Karura, Nairobi, na marafiki mliopotezana miaka, ingieni asubuhi mapema, njia zikiwa bado na ubaridi. Malipo ya langoni ni kwa simu. Njia panda zina nguzo zenye namba. Pigeni picha ramani kabla ya kuanza, maana gumzo likikolea kundi hupitiliza kona ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Baada ya mvua udongo mwekundu huteleza kwenye mteremko wa mtoni, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno. Maji yabebwe kwenye chupa ya kudumu. Plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku msituni humu tangu Juni 2020. Msitu huu mwanamazingira Wangari Maathai aliumizwa akiutetea mwaka 1999, tusiuchafue jamani! Mwenye magoti mabovu aongoze mwendo, asiachwe nyuma.