Oili ya sintetiki au ya kawaida? Nilivyoamua kwa Probox yangu hapa Malindi

Probox yangu hupeleka bidhaa za maduka Gongoni, Marereni, mara nyingine Marafa. Nikifika hushusha mzigo juani injini ikiwa inawaka. Kwa kazi hiyo kilomita 5,000 za kubadilisha oili ya kawaida huisha upesi, na kila zikiisha nusu siku inapotelea gereji. Ndipo nikaanza kuiwazia sintetiki, ingawa kopo lake dukani lilikuwa karibu bei maradufu.

Fundi wangu wa Majengo hakutaka kusikia. "Mwanangu, huku joto. Tia 20W-50, nzito, injini itakuombea dua."

"Ami, kitabu cha gari chasema 5W-30."

"Kitabu kimeandikwa Japani!"

Ami ameshika spana tangu enzi za Peugeot 504, simbishii ovyo. Lakini injini ikishapata moto, thermostati huyaweka maji kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Malindi au Limuru. Tarakimu ile ya pili, 30 au 50, ni unene wa oili ikiwa nyuzi 100. Tena injini hii ya Probox, 1NZ, ni VVT-i: presha ya oili ndiyo inayobadilisha majira ya kemshafti, mhimili unaofungua vali, na inapita kwenye vijitundu vyembamba. Oili nzito huko hujikokota.

Basi unene tukaumaliza, 5W-30. Likabaki la aina.

Kilichonishawishi ni kifuniko cha kutilia oili. Nilikifungua, nikamulika ndani kwa tochi ya simu: utando wa kahawia, ukiugusa unanata kidoleni. Hiyo ni oili iliyopikika. Ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi na molekuli zake hubaki mchanganyiko, nyingine hazivumilii moto mrefu. Za sintetiki huundwa au hupangwa upya kiwandani, kwa hiyo hukawia kuharibika. Na gari linaloguruma limesimama linaipika oili bila kilomita kusogea, jambo ambalo stika ya servisi haikwambii.

Hesabu sasa. Makopo mengine yanajinadi kilomita 10,000. Kwa vumbi la Marafa na kusimama kwangu kule, mimi hubadilisha kwa 7,500. Kwa bei maradufu, oili inanila theluthi zaidi kwa kila kilomita. Filta na ufundi vinarudisha kidogo, lakini anayekwambia sintetiki ni rahisi kwa shilingi, mwulize anaendesha wapi. Mimi nalipia siku za kazi nisizopoteza, na utando ule usizidi.

Kuhama hakukuwa na shughuli: tulimwaga ya zamani ikiwa na moto, tukabadilisha filta, basi. Mabaki ya ya kawaida yakichanganyika na sintetiki hayadhuru. Nilichokazania ni kununua mahali ninapopaamini, kopo lenye sili nzima na alama ya kiwango cha ubora, API SN au SP, maana oili feki haina cha sintetiki wala kawaida.

Pikapu ya dizeli ya nyumbani sikuigusa. Ile inakunywa oili, kila wiki naiongezea. Kuimiminia sintetiki ni kuchoma pesa kupitia ekzosi. Inaendelea na 15W-40 yake ya kawaida. Probox nayo, pamoja na filta, huingia lita 3.7 kutoka kopo la lita 4. Kinachobaki nakifunga vizuri, kinakaa kwenye buti cha kuongezea.