Senti 5 ya jahazi: hatimaye nimeiona ile demani

Umeme ulikatika jana saa 3 usiku na ndio ulionisaidia. Wiki 7 nimehangaika na stempu moja ya senti 5, nataka kujua kama kwenye picha yake demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, imeshika tanga au la, nimeimulika kwa taa za kila aina, kumbe ilikuwa inataka giza na tochi ya simu iliyolazwa mezani. Najua mara ya mwisho niliahidi kurasa za zile stempu za twiga wa Tanganyika za 1922. Twiga wasubiri kwanza.

Stempu zenyewe ni zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizotoka Mei 1935, Mfalme George wa 5 na jahazi likiwa Ziwa Victoria, nyeusi na kijani. Mnazijua, kila bati la biskuti la wazee lina mbili tatu, na nyingi hazina bei ya maana. Bati alilonipa shangazi lilikuwa nazo 41. Mimi nilikuwa nazipanga kwa mihuri tu, Bukoba huku, Mwanza kule, Kampala, Nairobi, mpaka siku nimekaa na katalogi ya stempu ya Stanley Gibbons ya kuazima ndo nikasoma vizuri kwamba hii senti 5 ina sura mbili, kuna ambayo kamba haijafika kwenye tanga na kuna ambayo imefika, halafu kila sura ina meno ya aina mbili, 13 pande zote au 13 juu na 12 ubavuni (yanahesabiwa kwa kila sentimita 2 za ukingo). Kwa hiyo ziko nne. Ya kawaida ni isiyofika yenye 13 kote. Ya kutafutwa kwa tochi ni hiyohiyo isiyofika lakini yenye 13 kwa 12, ambayo ikiwa haijatumika bei yake kwenye katalogi ni maelfu ya pauni. Senti tano jamani!

Basi usingizi ukaisha hapo.

Shida ya kwanza, kamba ipi? Picha ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba na ina mistari ya kila namna, mawingu, maji, mlingoti. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba wangu aliyekuwa anaendesha jahazi Tanga na Pemba enzi zake. Nikampigia, shikamoo mjomba, marahaba, umeiona picha? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo unayoiita kamba ni demani." Nikamwambia kuna nyingine demani haijashika tanga. Akacheka mpaka akakohoa. "Aliyechora hiyo hajawahi kupanda chombo. Demani ikiachia tanga linapepea tu kama kanga kwenye waya, hapo huendi popote." Tangu siku hiyo kwangu hazina tena majina ya katalogi. Kuna zinazoenda na kuna zisizoenda.

Kwa lenzi ya mara 10 nikazitenganisha kwa jioni moja. Zisizoenda 33, zinazoenda 7, na moja sijui, maana muhuri umekaa palepale. Nikaiweka pembeni bila kujali. Kosa.

Sasa meno. Hapa ndipo nilipoaibika. Geji yangu ya plastiki, ile ya kupimia meno, ilishapotea kwenye kuhama nyumba, nikasema kwani shida nini, nikapakua moja kwenye intaneti nikaenda kuprinti stationari ya mtaani, shilingi mia mbili, kwisha kazi. Nikarudi nikaweka stempu ya kwanza ubavu, haigusi 13. Inakaa 12 na nusu. Ya pili, 12 na nusu. Ya tatu hivyohivyo! Nikajiambia hizi ni 12, karatasi tu imenywea kwa kulowekwa, na wallahi nilikaa siku mbili nzima najiona tajiri, nimeshaanza na kupiga hesabu ya bati la nyumba. Siku ya tatu ndo nikakumbuka kupima upande wa juu. 12 na nusu. Yaani kote ni 12 na nusu, stempu ambayo haipo duniani. Nikachukua rula nikapima ule mstari wa kwenye geji ulioandikwa sentimita 10, ni sentimita 9.6. Printa ilikuwa imebana ukurasa uingie kwenye karatasi, na ukibana kwa asilimia 4 basi 13 inasomeka 12 na nusu, katikati kabisa ya vile vitu viwili ninavyotaka kuvitofautisha.

Kwa hiyo kama unaprinti geji, pima kwanza mstari wake kwa rula ya chuma, si ya mtoto wa shule ambayo nayo ni muongo mwingine. Na hapohapo niseme kuhusu ile maikroskopu ya kuchomeka kwenye kompyuta niliyonunua mtandaoni: ni takataka. Inakuza sawa, ila pembeni picha inapinda, ukihesabu meno kwa ile unapata namba yoyote unayoipenda. Skana ya kawaida ya ofisini ni bora mara kumi. Ukiskani kwa dpi 1200, yaani pikseli 1200 kwa inchi, nafasi kumi kutoka kitundu hadi kitundu ni pikseli kama 727 kwa meno 13, na kama 787 kwa meno 12. Tofauti ya pikseli 60 hata mlevi anaiona.

Lakini njia iliyonifurahisha kuliko zote haina chombo. Chukua stempu mbili, laza upande wa juu wa moja kando ya ubavu wa nyingine, uanze jino kwa jino. Kama zote ni 13, meno yanaenda pamoja mpaka mwisho. Kama ule ubavu ni 12, jino la kwanza linakaa sawa, la pili linaanza kuteleza, na ukifika kama la sita au la saba jino limeangukia kwenye tundu. Unaona kwa macho, bila namba. Nilikuwa na mafungu ya picha, jedwali la kompyuta, kumbe jibu lilikuwa kwenye stempu zenyewe.

Nikapitisha zote 41 namna hiyo, huku natumia koleo maana vidole vina jasho. Moja, mbili, kumi, ishirini, zote 13 kote. Nilishakata tamaa. Iliyobaki ni ile ya pembeni, yenye muhuri pabaya. Nikailaza. Jino la kwanza sawa. La tatu likaanza kuhama. La saba, tundu.

Nikarudia mara nne. Nikaiskani, pikseli 786. Ni 13 kwa 12, haina ubishi. Na ndio hiyo peke yake kati ya 41 ambayo karani fulani, miaka karibu tisini iliyopita, aliamua kuigonga muhuri juu ya demani. Si kwenye kichwa cha mfalme, si kwenye maji, juu ya demani! Wino mweusi juu ya mchoro mweusi. Ikiwa haiendi, ni ile adimu kuliko zote. Ikiwa inaenda, bado ni nzuri sana, ila ni nyingine.

Wiki zilizofuata sitaki kuzisimulia zote. Nilijaribu taa ya zambarau ya kukagulia noti, hakuna kitu. Nilimulika kwa nyuma, nikaona muhuri vizuri zaidi, asante sana. Mafuta ya laita kwenye kisahani cheusi nikayatumia kwa tamaa tu, hayo ni ya kuangalia alama ya maji, ile iliyofichwa ndani ya karatasi, hayahusiani kabisa na wino. Kwenye kompyuta nikatenganisha rangi, kijani kikaondoka safi, vyeusi viwili vikabaki vimekumbatiana. Kuna mtu alinishauri nijaribu kuufuta muhuri kidogo kwa dawa. Kidogo! Huyo simjibu tena.

Basi jana giza. Nimewasha tochi ya simu nimeilaza juu ya meza, mwanga unapita chini kabisa sambamba na albamu, na nikaona uso wa George una matuta. Nikakumbuka kitu ambacho nakijua tangu zamani: hizi za 1935 wachapaji De La Rue walizichapa kwa bamba la kuchonga, wino unakaa ndani ya mifereji, karatasi inakandamizwa, mstari unatoka umeinuka. Isipokuwa ile ya senti 10 ya simba na ya pauni 1, hizo ni bapa. Muhuri nao ni wino uliolala tu. Kwa hiyo ukimulika kwa ubavu, mchoro unatoa kivuli na muhuri hautoi!

Nikasogeza stempu pembeni ya mwanga, lenzi jichoni, nimebana pumzi. Chini ya weusi wa muhuri kuna kituta chembamba kama unywele, kinapanda kutoka kwenye chombo, kinapita chini ya herufi, kinafika kwenye tanga. Kimefika kabisa. Nikaigeuza, nikamulika upande wa pili, kimefika.

Inaenda.

Nikampigia mjomba usiku uleule, nikamwambia ingekuwa demani imeachia ningekununulia mashine ya boti. Akasema, "Afadhali. Chombo kisichoenda ungekifanyia nini?"

Nilitaka leo niandike ukurasa wake kwenye albamu, ila asubuhi nimeona jambo lingine. Ile senti 50 ya zambarau na nyeusi ya Mfalme George wa 6, jahazi lilelile, kwenye karatasi nzima kuna stempu moja, safu ya 2, stempu ya 5, ambayo demani haijashika tanga. Ninazo 17 kwenye bahasha. Nimeshapitia 6, zote zinaenda.