Kazi ya kanisa ilipokwisha: nilivyojipanga upya

Mchungaji akiachishwa kazi, barua moja huondoka na mengi: mshahara, nyumba ya kanisa, marafiki, hata jina analoitwa. Ndiyo maana nilianza kwa kutenganisha. Nilichora safu tatu kwenye karatasi: ajira, cheo, wito. Mshahara, posho na nyumba vikaingia kwenye ajira. Kuongoza ibada na kuitwa mchungaji vikaingia kwenye cheo. Kwenye wito niliandika yale tu niliyokuwa nikiyafanya kabla sijalipwa na mtu: kutembelea wagonjwa, kufundisha vijana, kukaa na waliofiwa. Safu hiyo barua haikuigusa. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3), na utume wake ukabaki palepale.

Makabidhiano yawe ya maandishi. Funguo, mihuri, vitabu vya risiti, rejista za ubatizo na ndoa, nywila za kompyuta: viorodheshwe, pande zote mbili zitie saini. Malimbikizo ya mshahara, michango ya pensheni na tarehe ya kuhama nyumba navyo uviulizie kwa barua. Anayeondoka kwa hasira bila karatasi huandamwa baadaye na maneno ya fedha.

Kigumu kuliko vyote ni Jumapili. Nilitafuta kanisa nisikojulikana, nikamwomba kiongozi wao asinipangie kuhubiri kwa muda. Ombi hilo lina uzito, kwa sababu mhubiri mgeni hukaribishwa mimbarini upesi, na makofi ya siku moja hufunika kidonda kabla hakijasafishwa. Hatari zaidi ni kuanzisha kanisa haraka. Waumini wanaopiga simu usiku, "Mchungaji, tuko nyuma yako," huja na ugomvi wao pia, na kanisa lililozaliwa na ugomvi hulazimika kuulisha ili liendelee kuwepo. Niliwajibu wote vilevile: nawapenda, nawaombea, mambo ya kanisa zungumzeni na wazee.

Kisha kuna Biblia yenyewe. Aliyezoea kuhubiri hufungua maandiko akiwinda pointi tatu na mfano wa kufungia. Daftari la mahubiri nililiweka kabatini, nikawa nasoma Zaburi moja asubuhi, kwa sauti, bila kalamu. Zaburi ya 88 ilinifaa sana maana inaishia gizani, haikimbilii faraja. Na nabii Eliya, alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, alipewa mkate, maji na usingizi kwanza. Kutumwa tena kulikuja baadaye (1 Wafalme 19). Kula na kulala vizuri ni sehemu ya kupona, wala si udhaifu wa imani.

Kwenye wasifu wa kazi, "kulea kundi" hakumwambii mwajiri chochote. Andika bajeti uliyosimamia ni ya kiasi gani, watu wa kujitolea uliowaratibu walikuwa wangapi, migogoro ya namna gani ulisuluhisha. Mdhamini mzuri ni mhasibu au mzee wa kanisa aliyekuona ukifanya kazi hizo.

Usisahau nyumbani. Mke aliyeitwa mama mchungaji amevuliwa jina siku ileile, na watoto wamepoteza kwaya na wenzao. Mwulize kila mmoja angependa kusali wapi, na ukubali hata kama mtaketi makanisa tofauti kwa kipindi fulani.