Deli, Barafu na Siku Mbili za Msimbati

Katika safari yetu ya kwanza ya kulala kwenye mahema ufukweni Msimbati, nyama ya mbuzi tuliyoitoa Mtwara mjini asubuhi ilikuwa imeanza kunata vidoleni kabla jua halijatua, na shemeji yangu, baada ya kuinusa mara mbili, aliifukia mchangani bila kuniuliza. Barafu haikuwa haba. Kosa lilikuwa langu, kwani niliipakia katika deli moja, yaani sanduku la kuhifadhi baridi, pamoja na kreti zima la soda ambazo hazijawahi kuonja friji.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto linaloweza kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ni kazi kubwa, lakini soda 24 za mililita 300 zenye joto la nyuzi 30 zinahitaji zaidi ya kilo mbili na nusu za barafu ili zipoe kabisa, bila kuhesabu chupa zenyewe. Mbuzi wetu alibakiwa na nini?

Siku hizi soda hulala kwenye friji na kusafiri katika deli lake, maana ndilo linalofunguliwa na watoto kila dakika. Nyama huganda kwenye friza usiku kucha, ikafungwa katika chombo chenye mfuniko imara na kuwekwa chini kabisa, ili majimaji yake yasidondokee kachumbari. Barafu nagandisha mwenyewe katika chupa za maji za lita moja na nusu, nisizozijaza hadi mdomoni, kwa sababu bonge huyeyuka polepole kuliko vipande, na likishayeyuka tunalinywa. Deli nalo husogezwa mara kwa mara, kwa kuwa kivuli cha mnazi cha saa sita si cha saa tisa.

Samaki wa wavuvi wa pale pale ni watamu, ila kibua na jodari ninawataka wakiwa wametoka majini muda huo huo na kuingia kwenye barafu papo hapo. Wakikaa juani hujijengea sumu ambayo hata ukiwakaanga hadi wakauke haiondoki.

Ubishi mkubwa uko kwenye wali wa nazi. Mama mkwe amekulia Mikindani na hawezi kuona kiporo kikimwagwa, nami siwezi kukubali wali uliokesha ndani ya hotpoti, kwa sababu uvuguvugu ule ndio hasa bakteria wanaoupenda, na sumu ya baadhi yao haiondoki kwa kupasha. Tumepatana hivi: usiku unapikwa wali wa kutosha mlo mmoja tu, na asubuhi, ukiwa msimu wake, tunachemsha ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ambayo haikuhitaji barafu tangu mwanzo.