Kulenga Dishi: Tazama Ubora, Usitazame Picha

Watu wengi hushuka kwenye paa mara tu picha inapotokea kwenye runinga, na hapo ndipo kazi ya kulenga dishi huachwa nusu. Zamani chenga zilizidi kadiri dishi lilivyopotoka, kwa hiyo jicho lilitosha kuwa kipimo. Kwa matangazo ya dijitali, picha huwa safi kabisa, au hugandaganda, au haipo. Dishi lililopotoka kidogo hutoa picha ileile inayotolewa na dishi lililolengwa sawasawa, na tofauti yao haijulikani mpaka mvua kubwa inyeshe, kwa sababu matone ya maji hufyonza mawimbi ya bendi ya Ku, yaliyo kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambayo hutumiwa na madishi mengi ya nyumbani. Mimi hulenga dishi kwa ajili ya saa hiyo ya mvua.

Kabla ya kugusa dishi lenyewe, shughulikia nguzo. Weka pimamaji upande mmoja, kisha upande mwingine ulio robo duara kutoka hapo, mpaka uhakikishe kwamba nguzo imesimama wima kabisa. Nguzo ikiinama, namba zilizochongwa kwenye kishikio cha dishi zitakudanganya, na kila utakapolizungusha dishi kushoto au kulia litakuwa pia linapanda au kushuka bila wewe kutaka.

Satelaiti ya matangazo hukaa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, ikizunguka kwa mwendo uleule wa dunia, na ndiyo maana tunaiona kana kwamba imetulia mahali pamoja. Programu nyingi za simu hukokotoa pembe zinazohitajika ukizipa mahali ulipo na longitudo ya satelaiti: pembe ya mwelekeo, pembe ya mwinuko, na kiasi cha kuizungusha LNB, yaani kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ndani ya kishikio chake. Ukitumia dira, simama mbali na nguzo na mabati, kisha urekebishe tofauti iliyopo kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Binafsi napendelea jua: jua linapofika kwenye mwelekeo uleule wa satelaiti, kivuli cha nguzo huangukia upande ulio kinyume chake kabisa, na hakuna chuma kinachoweza kukipotosha. Kumbuka pia kwamba dishi la kawaida la nyumbani, ambalo LNB yake imekaa chini ya katikati, hutazama juu zaidi kuliko linavyoonekana, mara nyingi kwa digrii 20 hadi 25, kwa hiyo fuata namba za kishikio na usiyaamini macho.

Kwenye king'amuzi utakuta vipimo viwili. Nguvu ya mawimbi inaweza kuonekana kubwa hata dishi likitazama anga tupu, kwa kuwa LNB hukuza kelele zake yenyewe, yaani mawimbi ya ovyo yasiyobeba matangazo. Kipimo cha kufuata ni ubora. Ingiza masafa ya chaneli moja unayojua kuwa ni imara, kaza nati kiasi cha dishi kusogea kwa kusukumwa tu, kisha anza kulizungusha taratibu, ukisimama kila hatua kwa sekunde mbili au tatu, kwani king'amuzi huchelewa kushika. Haraka hapa haisaidii. Kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 5, digrii 1 ya mzunguko haifiki hata nusu milimita, ilhali dishi la sentimita 90 huona upana wa digrii 2 hivi tu. Usipopata kitu, pandisha mwinuko kwa digrii 1 na urudie. Ubora ukipanda, tafuta chaneli kwanza kabla ya kushangilia, maana satelaiti jirani huenda iko digrii 2 au 3 tu kando.

Ukishaipata yenyewe, usikimbilie kutafuta namba kubwa kuliko zote. Karibu na kilele kipimo hubadilika kidogo mno, lakini pembeni huporomoka ghafla, na maporomoko hayo ndiyo yenye manufaa. Bandika kipande cha utepe kwenye nguzo, sogeza dishi kulia mpaka ubora uanguke, piga alama. Fanya hivyohivyo kushoto, kisha rudi katikati ya alama hizo mbili. Mwinuko nao hutafutiwa katikati yake kwa njia hiyohiyo. Mawimbi yakiwa na nguvu kiasi kwamba kipimo hakitikisiki, funika uso wa LNB kwa kitambaa chenye unyevu ili yadhoofike, na tofauti zitajitokeza. Mwisho izungushe LNB kidogo kidogo, kisha kaza nati kwa zamu huku mtu akikusomea namba, kwa sababu spana yenyewe hulivuta dishi.

Kuna matatizo yanayofanana na ya ulengaji lakini si yake. King'amuzi huchagua mawimbi ya wima kwa volti 13 na ya mlalo kwa volti 18, kwa hiyo kundi zima la chaneli likikosekana huku lingine likiwa safi, kagua waya na viunganishi vyake kabla ya kulegeza nati yoyote, na uzime king'amuzi kwanza. Vilevile, mawimbi yakipotea kwa dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, karibu na Machi au Septemba, usipande juu: ni jua linalopita nyuma ya satelaiti na kuifunika kwa kelele zake, na hali hiyo hukoma yenyewe baada ya siku chache.