Kikao cha vijana wa wadi: wanafunzi wa chuo waanzie wapi

Makongamano ya vijana yanayoandaliwa na wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Kenya hujaza kumbi, lakini mara nyingi wanaojaa ni wale wale: wanachama wa klabu, marafiki zao na wanaopenda kushika maikrofoni. Bidii hiyo hiyo ingetosha kuandaa kitu chenye uzito zaidi: kikao cha mashauriano cha vijana wa wadi moja. Demokrasia ya mashauriano ni kuwachagua watu kwa bahati nasibu, kuwapa taarifa za pande zote, kuwapa muda wa kupima hoja pamoja, kisha kuwauliza tena wanaonaje. James Fishkin wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeipa njia hii umbo linalotumika sana leo. Mwaka 2014 ilitumika Bududa na Butaleja, mashariki mwa Uganda, kupitia mtandao wa ResilientAfrica ulio Chuo Kikuu cha Makerere, wananchi wakijadili maporomoko ya ardhi na mafuriko. Kwa hiyo wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya tu wanakosea.

Kabla ya kutafuta ukumbi, angalieni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kikao cha Mei kuhusu bajeti ya Julai kimechelewa, kwa sababu makadirio yako kwenye bunge la kaunti tayari. Fanyeni Juni au mapema Julai, mkilenga mpango wa Septemba.

Swali nalo liwe moja, na liwe la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti maji, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, zahanati, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Polisi, shule za upili na mikopo ya vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Vijana watataka kuzungumzia polisi, na wana sababu zao, lakini mkitumia siku nzima kwa jambo ambalo kaunti haina mamlaka nalo mtakuwa mmewapotezea muda. Swali zuri lina chaguo zinazogombania fedha zile zile: “Katika wadi yetu mwaka ujao, kitangulie nini: maji, taa za barabarani, au vifaa vya chuo cha ufundi?”

Sasa uteuzi, maana kikao husimama au kuanguka hapa. Tangazo la “vijana wote mnakaribishwa” huleta wenye muda na wenye chama. Tuseme mnataka vijana 48, yaani vikundi 4 vya watu 12. Waalikeni kama 65, kwa sababu wengine hawatafika. Gawanyeni nafasi kwa kila kijiji au mtaa kulingana na idadi ya watu, mkimweleza chifu mapema na kubeba barua ya chuo. Wanafunzi waende wawili wawili. Waanzie mahali panapojulikana, shule au soko, wachague njia kwa kurusha sarafu, kisha wabishe kila nyumba ya kumi. Kwenye ploti za kupangisha, kila mlango ni nyumba. Pale mlangoni, andikeni kwenye vikaratasi majina ya wakazi wote wenye miaka 18 hadi 34, ambao ndio vijana kwa mujibu wa Katiba, kunjeni, na mmoja wa nyumbani avute. Mpokezane: nyumba moja vikaratasi viwe vya wanawake tu, inayofuata vya wanaume tu.

Aliyevutwa asipokuwepo, rudini jioni, na tena Jumapili. Hapa ndipo wengi huharibu: wamechoka, jua ni kali, ndugu yake yuko hapo amekaa, wanamwandika yeye. Ukifanya hivyo mara kumi, kikao kimejaa wanaoshinda nyumbani, na wahudumu wa bodaboda, wauza mitumba na dada wa kazi wametoweka bila mtu kugundua. Dada wa kazi wengi hupata ruhusa Jumapili tu, kwa hiyo hata siku ya kikao ichaguliwe kwa kuwafikiria.

Hojaji ya kwanza ijazwe hapo hapo mlangoni, kabla kijana hajaona kijitabu chochote cha taarifa. Mkiijaza asubuhi ya kikao baada ya watu kusoma, hamtajua kilichobadilika. Kila mmoja apewe namba. Majina na simu yatunzwe kando na majibu, kwa idhini yake, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Semeni mapema kuhusu malipo pia: nauli na fidia ya siku ya kazi, sawa kwa wote, italipwa kwa M-Pesa mwisho wa kikao. Pesa ya mwanasiasa msiipokee hata ya chai.

Kijitabu kisizidi kurasa 4, kwa Kiswahili na lugha inayozungumzwa pale, pamoja na rekodi ya sauti kwa asiyesoma. Kila chaguo lipewe gharama, faida na hasara. Rasimu mpelekeeni anayetaka maji na anayetaka taa. Msichapishe mpaka kila upande ukubali kwamba hoja yake imeelezwa kwa haki.

Wawezeshaji, yaani wanaoongoza mazungumzo ya vikundi, wanahitaji siku 2 kamili za mazoezi. Bingwa wa midahalo si lazima awe mwezeshaji mzuri, kwa kuwa amezoea kushinda. Mwezeshaji hatoi maoni wala hajibu swali la ukweli wa mambo. Kijana akiuliza “kuchimba kisima ni pesa ngapi?”, analiandika kwa ajili ya wataalamu. Kazi yake kubwa ni kusema maneno kama “Kuna ambaye hajasema tungependa kumsikia” na “Hebu tueleze hoja ya mwenzako kabla ya kuipinga,” kisha kunyamaza na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya hicho huwatisha wanafunzi, wasikijaze.

Siku yenyewe: dakika 75 za vikundi, kila kikundi kitoke na maswali 2; kikao cha pamoja na msimamizi wa wadi, mhandisi wa maji na afisa wa fedha, majibu ya dakika 2 bila hotuba; chakula; vikundi tena; hojaji ya mwisho, kila mtu peke yake. Msipige kura kwa kuinua mikono, watu hutazamana. Mwakilishi wa wadi aje jioni kupokea matokeo. Akifungua kikao na kusema anachokipenda, mmepima heshima yao kwake, hamkupima maoni yao.

Ripoti iwe kurasa 2: wangapi walibadili msimamo na kwa sababu zipi, wakiwemo waliobaki pale pale. Andikeni “31 kati ya 48”, si “asilimia 64.6”, kwani idadi hii haibebi desimali. Iwasilisheni kama ombi rasmi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayoilazimu kaunti kujibu, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa.

Wanafunzi huhitimu na kuondoka. Kwa hiyo faili lisibaki chuoni: wachagueni washiriki 3 wanaoishi kwenye wadi, wapeni nakala hiyo pamoja na tarehe za Septemba 1, Februari 28 na Aprili 30, waende wenyewe kuangalia kama mradi umo.