Mwenye Deni Naye Alipokelewa Pangoni

Wapendwa katika Bwana, wiki hii Zaburi ya 142 haijatoka moyoni mwangu. Shule zimefunguliwa, karo ya kijana wangu wa sekondari haijatimia, na mshahara wa mwezi uliopita haujaingia. Usingizi hunikatika kabla ya alfajiri, nami hubaki nikipiga hesabu zisizolingana, huku nikirudia kilio cha Daudi: "Makimbilio yamenipotea, hakuna wa kunitunza roho."

Tukumbuke aliyelia hivyo ni nani. Samweli alikuwa amekwisha kummiminia mafuta nyumbani kwa Yese, Goliathi alikuwa amekwisha kuanguka, na bado mpakwa mafuta wa Bwana yuko pangoni, akisema kwamba hana mtu amjuaye. Basi mtu asikudanganye kwamba dhiki yako ni ushahidi wa imani haba. Daudi alimweleza Mungu shida yake bila kuipamba, kisha katika mstari wa 5 akasema, "Ndiwe kimbilio langu." Kati ya kilio na ungamo hilo, mfalme Sauli, aliyetaka kumwua, hakuwa ameacha kumsaka.

Lakini mstari ulionishika zaidi ni wa mwisho: "Wenye haki watanizunguka." Aliyekuwa akilia kwamba hana mtu anamaliza maombi yake akiwatazamia watu! Zaburi hii haisemi ni pango lipi, ila 1 Samweli 22 yatuonyesha waliomfuata Daudi katika pango la Adulamu: jamaa za baba yake, kila aliyekuwa katika dhiki, kila mwenye deni, na kila mwenye uchungu moyoni, wapata watu 400. Mungu alimzungushia mtumishi wake watu waliohitaji kimbilio kama yeye.

Hapo ndipo ninapowiwa kusema nanyi waziwazi, ndugu zangu wa Kisumu. Kuanzia Nyalenda hadi Kondele wako washirika wetu wasioonekana tena ibadani, na sababu si kwamba wamemwacha Mungu. Mama aliyekuwa akiuza nguo Kibuye mtaji wake umekwisha, mchango wa chama umemshinda, na wanachama wenzake ndio wanaoketi naye benchi moja Jumapili. Kijana aliyekopa kwa simu ili mgonjwa wake atibiwe sasa anaona aibu hata kushika kipaza sauti kwaya inapoimba. Nasi tumefanya nini? Tumewataja katika maombi kwa mbali, na wengine wetu tumewauliza ni dhambi gani iliyomfungulia adui mlango, kana kwamba hatujasoma jinsi Bwana alivyowakemea rafiki za Ayubu. Jambo hili halifai miongoni mwa watakatifu. Mito ilipofurika mwaka 2024, waliohama makwao kule Nyando walipata hifadhi katika shule na makanisa, wala hakuna aliyezuiwa mlangoni mpaka aeleze kwa nini alijenga karibu na mto. Mwenye deni naye amefikiwa na mafuriko. Apokelewe vivyo hivyo.

Nami nashuhudia kwamba Mungu hutunza watu wake kwa njia hii. Katika ushirika wa nyumbani nililitaja jambo la karo, na ndugu mmoja ambaye mwenyewe hana kazi alijitolea kunisindikiza shuleni. Tuliketi na mwalimu mkuu, akakubali nilipe kidogo kidogo, na kijana yuko darasani. Deni lingalipo. Hata hivyo siku ile nilijua kwamba Bwana amenisikia, kwa sababu alinitumia mtu wa kutembea nami.

Kwa hiyo, wewe unayedaiwa, usingoje mpaka umalize kulipa ndipo urudi nyumbani mwa Baba yako. Njoo jinsi ulivyo, ukae nasi, ulie ikibidi. Nanyi mnaodai, haki yenu haijafutwa, lakini mwendeeni ndugu yenu kwake, mmsalimu, mwombe pamoja, mkubaliane kiasi anachoweza, wala jina lake lisitajwe mbele ya watu. Wazee wa kanisa, tafadhali kabla ya Jumapili wafikieni wote waliotoweka, na mtakayemkuta hana unga msimwachie maombi peke yake.